Ngurumo za Subaru Huko Siongiroi

Wasomaji wangu wa pwani watastaajabu kusikia kwamba nilikuwa Siongiroi. Huko ni Chepalungu, kaunti ya Bomet, mbali na bahari na mbali na minazi. Ukitoka Kericho vilima vyote vimevikwa chai, lakini kadiri unavyokwenda chai hupungua, na mahali pake hushikwa na mahindi na ng'ombe wa maziwa. Nilikwenda kumzuru mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, aliyezaliwa Kibokoni na ambaye sasa ana duka la vifaa vya ujenzi huko. Bara imempokea vyema. Ameoa huko, Kikipsigisi anakisema, na mursik anainywa kama mwenyeji.

Alfajiri ya kwanza, nimetoa salamu tu mkekani, nikasikia kishindo nyuma ya nyumba kana kwamba mabati yote yanang'oka. Nikatoka mbio. Kumbe mpwa wangu anapasha moto gari lake, ndani ya banda lililoegemea ukuta wa chumba wanacholala watoto.

"Mjomba, waisikia?" akaniuliza kwa fahari.

Gari lenyewe ni Subaru Impreza ya tabo. Vijana wetu wameipenda tangu ilipotwaa Safari Rally, mwaka 1997 ikiendeshwa na Colin McRae na mwaka 2000 na Richard Burns. Siwalaumu, maana mimi pia ujanani nimekula vumbi kando ya njia nikingoja magari ya Safari. Tena Subaru za aina hiyo zina mngurumo wao wa asili, utokao katika mabomba ya moshi yasiyolingana urefu pale yanapotoka kwenye injini. Lakini hii ya mpwa wangu haikuwa ikinguruma. Ilikuwa ikipasua.

Nikamwuliza imefanywaje. Akasema fundi mmoja alimshauri aikate katalitiki na kuchomelea bomba tupu mahali pake, ili gari "lipumue". Na kile kipande kilichokatwa kiko wapi? Fundi alikichukua. Mpwa wangu alidhani ni skrapu tu.

Hapo ndipo nilipomkalisha kitako. Katalitiki ni mkebe wa chuma ulio katika bomba la moshi, na ndani yake mna kigae chenye vitundu vingi vyembamba kama sega la nyuki. Kigae hicho kimepakwa madini ya platini, paladi na rodi. Mwaka 2021 wakia moja ya rodi iliuzwa kwa bei iliyopita ya dhahabu zaidi ya mara kumi. Basi fundi hakuchukua skrapu, alichukua kito, na juu yake akalipwa ujira wa kukikata.

Kazi ya madini hayo ni kuusafisha moshi kabla haujatoka nje. Hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi hugeuzwa ikawa kaboni daioksaidi, petroli ambayo haikuungua humaliziwa kuunguzwa, na gesi za naitrojeni zinazochoma kifua huvunjwa. Mkebe mzima, ukiisha kupata moto, huondoa zaidi ya asilimia 90 ya sumu hizo. Zamani usingedumu kwetu, kwa kuwa petroli ilitiwa risasi, na risasi huuharibu. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikubaliana huko Dakar mwaka 2001, na kufikia mwanzo wa 2006 petroli ya risasi ikaachwa. Tumeitoa risasi, na sasa twautoa mkebe.

Mpwa wangu akatetea nguvu za gari. Nguvu kidogo huongezeka, sikatai. Lakini injini ya tabo hutengenezwa kwa hesabu. Bomba likiwa wazi mno, moshi huizungusha tabo kwa kasi zaidi, na pengine kile kilango cha kuupunguza hulemewa, shinikizo likapita kipimo. Kompyuta ya gari isiporekebishwa, petroli hukosa kulingana na hewa, na pistoni hupasuka. Akakiri kwamba mlimani gari hushtukashtuka kama limekatiwa mafuta. Taa ya injini nayo ilikuwa ikiwaka, mpaka fundi alipochomeka kipande cha chuma cha kuitenga sensa na moshi. Nikamwambia huko si kutengeneza, huko ni kumziba shahidi mdomo.

Sote chuoni tulifundishwa kwamba aliyekula kitunguu saumu kibichi asiukaribie msikiti hadi harufu imtoke, asije akawaudhi wenziwe katika safu. Ikiwa pumzi ya kitunguu ina adabu yake, sijui tuseme nini juu ya bomba hili. Kwetu Mombasa nimeona vijana wakipita na magari kama hayo nyuma ya msikiti watu wakiwa katika tarawehe, na moshi ukaingia madirishani.

Lakini lililonikosesha raha zaidi lilisemwa na mkewe, alipokuwa akinimiminia chai. Binti yao wa miaka sita huamka na kichwa kinamuuma, na siku nyingine hutapika. Wamempima malaria mara mbili, hana. Akifika shule hupona, na Jumapili, gari lisipowashwa, huamka mzima.

Mpwa wangu akanyamaza. Mimi si tabibu, na hilo nililisema. Ila kaboni monoksaidi haina harufu wala rangi, na hushikamana na damu kwa nguvu kupita oksijeni zaidi ya mara 200. Banda lile na chumba cha mtoto vimetenganishwa na mbao tu. Na hata gari lenye katalitiki si la kuwashwa bandani, kwani mkebe hauanzi kazi sawasawa mpaka upate joto la nyuzi 300 hivi. Nikawasihi wamrudishe mtoto kwa daktari na wamweleze habari ya gari.

Kenya ina kanuni za ubora wa hewa, na moshi wa magari umo. Kutoka Kericho hadi Siongiroi sikukuta mtu akipima moshi. Fundi yule bado yuko na kazi tele.

Asubuhi iliyofuata sikusikia kishindo. Nilipochungulia, nikamwona mpwa wangu na kijana wa duka wakilisukuma gari kwa mikono, wakalifikisha barabarani penye upepo, ndipo likawashwa. Juzi amenipigia simu nimtafutie katalitiki Mombasa, ambako magari hayo hushukia. Muuzaji wa kwanza alinionyesha mkebe mzuri wa kung'aa. Nikauchungulia kwenye mwanga, na ndani haukuwa na kigae.