Ngozi Ndogo, Dhima Kubwa: Uteuzi wa Ncha za Fimbo za Snuka na Pool

Siku ya soko huko Chwele, katika eneo la Kabuchai, Kaunti ya Bungoma, si nadra kuwaona vijana wameizunguka meza ya pool huku wakimsubiri mchezaji afyatue pigo lake. Fimbo inapoteleza na mpira mweupe ukaenda kombo, watazamaji huangua kicheko. Mchezaji hukabidhi zamu, na aghalabu hupoteza mchezo pamoja na sarafu iliyotumbukizwa mezani. Lawama zote humwangukia yeye: mkono wake hauna nguvu, jicho lake halioni. Hata hivyo, mara nyingi chanzo cha mkosi huo si mkono wala jicho. Chanzo ni kipande kidogo cha ngozi, chenye upana usiozidi ukucha wa kidole, kilichobandikwa kwenye ncha ya fimbo.

Makala haya yanadhamiria kueleza namna ya kuiteua ncha hiyo. Hoja inayojengwa ni kwamba ncha njema ndiyo inayoufanya mchezo huu uwe wa ustadi, ilhali ncha mbovu huugeuza kuwa bahati nasibu. Kwa kijana anayelipia kila mchezo kutokana na kibarua chake, tofauti hiyo si jambo dogo.

Kwanza, ni vyema kutalii asili ya mchezo wenyewe kwa muhtasari. Snuka ni tawi la biliadi. Ilizuka nchini India, katika mji wa Jabalpur, mnamo mwaka 1875, na mwasisi wake anatajwa kuwa Neville Chamberlain, afisa wa jeshi la Uingereza. Katika Afrika Mashariki, michezo ya jamii hii iliingia pamoja na utawala wa Waingereza kupitia vilabu vya walowezi na maafisa. Meza ya snuka ina urefu wa futi 12 hivi, kwa hivyo inahitaji ukumbi mpana na fedha nyingi. Pool, ambayo meza yake ni ndogo, ndiyo iliyopenya hadi katika vituo vya biashara vya mashambani. Licha ya tofauti hizo, fimbo za michezo yote miwili hutegemea ncha ya ngozi.

Ncha hiyo haikuwapo tangu mwanzo. Zamani fimbo zilikuwa mti mtupu, na mchezaji alilazimika kuupiga mpira katikati tu, la sivyo fimbo ingeteleza. Anayesifiwa kwa kuieneza ngozi kwenye ncha ya fimbo ni Mfaransa François Mingaud, mwanzoni mwa karne ya 19. Mwaka 1827 alichapisha kitabu kilichoonyesha mapigo ambayo yalikuwa kama miujiza kwa watu wa wakati wake. Baadaye, mwaka 1897, Wamarekani William Spinks na William Hoskins walipata hataza ya chaki ya kisasa, ambayo kwa hakika si chaki ya ubaoni bali ni mchanganyiko wa unga mkavu wenye chembe ngumu zinazokwaruza. Ngozi na chaki vikawa kama chanda na pete. Ngozi huishika chaki, nayo chaki huushika mpira.

Je, ngozi hiyo hufanya kazi gani hasa? Ncha hugusana na mpira kwa muda mfupi mno, takriban sehemu moja kwa elfu ya sekunde. Katika muda huo ndipo mpira hupokea kasi, mwelekeo na mzunguko wake. Mpira wa snuka una kipenyo cha milimita 52.5. Ncha iliyo nzuri na iliyopakwa chaki sawasawa yaweza kuugonga mpira huo umbali wa karibu robo ya kipenyo, yaani milimita 13 hivi, kutoka katikati bila kuteleza. Ncha iliyokauka na kung'aa haiwezi kufika huko. Hata pigo lililoachana kidogo na kitovu cha mpira hupotea. Mchezaji mwenye ncha kama hiyo amenyimwa sehemu kubwa ya maarifa yake kabla hajainama mezani.

Jambo la kwanza la kuzingatia katika uteuzi ni ukubwa. Fimbo za snuka kwa kawaida huvaa ncha za milimita 9 hadi 10, na zile za pool ya Kimarekani huvaa za milimita 12 hadi 13. Kanuni ni kununua ncha iliyozidi kidogo upana wa pete ya shaba iliyo mwishoni mwa fimbo, kisha kuipunguza. Ncha iliyopungua haina dawa. Huliacha ukingo wa pete wazi, na pete hiyo huweza kuudonoa mpira na kuukwaruza.

Jambo la pili ni ugumu. Ncha laini huishika chaki vizuri na kumpa mchezaji hisia ya mpira mkononi, ila hubonyea upesi na kutanuka pembeni mfano wa kofia ya uyoga. Ncha ngumu hudumu na kuhifadhi umbo lake, lakini uso wake husuguliwa ukawa laini kama kioo, na chaki hukataa kukaa. Katika aina zinazofahamika duniani, Elk Master ya samawati huhesabiwa kuwa laini, na Blue Diamond huwa ngumu kidogo kuiliko. Zipo pia ncha za Kijapani zinazotengenezwa kwa tabaka nyembamba za ngozi ya nguruwe zilizogandishwa pamoja. Hizo hufanana zaidi moja kwa nyingine, lakini bei yake ni ya juu. Kwa fimbo ya mtu binafsi anayeitunza, ncha laini au ya wastani yafaa. Kwa fimbo ya kituoni inayoshikwa na mikono mingi kutwa nzima, ya wastani inayoelekea ugumu ndiyo yenye tija.

Jambo la tatu, ambalo wengi hulipuuza, ni kwamba ncha za kisanduku kimoja hazilingani. Ngozi ni zao la mnyama. Jamii ya Wabukusu, yenye desturi ndefu ya ufugaji, haina haja ya kuambiwa kwamba ngozi ya mgongoni imeshikana kuliko ya tumboni, ambayo huvutika na kulegea. Kwa sababu hiyo, mnunuzi hana budi kuchambua. Aitazame ncha pembeni: nyuzi zake ziwe zimebanana, bila ufa wala tabaka zinazoachana. Aibonyeze kwa ukucha: ibonyee kidogo kisha irudi. Aiangushe juu ya kioo au saruji: iliyo ngumu hutoa mlio mkali, na iliyo laini hutoa mlio mzito uliofifia. Mwenye mizani ndogo aweza kuzipima pia, kwani katika ncha za ukubwa mmoja, iliyo nzito zaidi aghalabu ndiyo iliyoshindiliwa zaidi.

Itakuwaje pale ncha za dukani zisipopatikana, na safari ya kwenda Bungoma au Kitale ikawa ghali kuliko ncha yenyewe? Fundi wa viatu sokoni aweza kukata kipande katika ngozi nene ya soli au ya mshipi. Sharti kipande hicho kiwe cha ngozi halisi, kwa kuwa ngozi bandia ya plastiki haishiki chaki. Kisha kigongwe au kubanwa kwenye jiliwa ili kishikamane kabla ya kubandikwa. Hakitafikia ubora wa ncha ya kiwandani, lakini chashinda mti mtupu.

Uteuzi mwema huharibiwa na ubandikaji mbaya. Uso wa pete na kitako cha ncha vyote visuguliwe kwa msasa hadi viwe bapa na visivyo na mabaki ya gundi ya zamani. Gundi itiwe kidogo, ncha ikandamizwe, nayo iachwe ikauke kabisa. Baadaye fimbo isimamishwe kichwa chini juu ya ubao, na ngozi iliyozidi ikatwe kwa wembe mkali kuifuata pete. Mwisho, uso uchongwe kwa msasa uwe wa mviringo, ukikaribia mpindo wa ukingo wa sarafu ya shilingi 5. Isitoshe, fimbo isiegemezwe kwenye ukuta wenye unyevu. Mvua za miteremko ya Mlima Elgon si haba, na ngozi iliyonywa maji hulainika na kupoteza umbo.

Hatimaye, kuna suala la haki. Katika vituo vingi, fimbo ni mali ya mwenye meza, na wachezaji huzitumia kwa zamu. Ikiwa fimbo moja ina ncha nzima na nyingine imelika hadi kwenye pete, anayewahi kuishika ile njema huwa ameshinda nusu ya mchezo. Mwenye meza naye hapati faida, maana fimbo iliyoteleza huchana kitambaa, na kitambaa kipya hugharimu mara nyingi zaidi ya ncha. Yafaa basi ncha zikaguliwe kila wiki na kubadilishwa zinapobakiza milimita moja au mbili juu ya pete. Aidha, fimbo zote za meza moja zivishwe ncha za aina moja. Hapo ndipo kijana wa Chwele akishindwa atajua kwamba ameshindwa na mwenzake, naye atakuwa na la kujifunza kabla ya sarafu inayofuata.