Baiskeli ya Mtoto, Miguu ya Babu

Mwaka 1963 kampuni ya Schwinn ya mjini Chicago, Marekani, ilianza kuuza baiskeli ya ajabu. Magurudumu yake madogo, ya inchi 20. Usukani umepanda juu kama pembe za ng'ombe wa Ankole. Kiti ni kirefu, wenyewe wakakiita kiti cha ndizi, na kwa nyuma kimeshikiliwa na upinde wa chuma. Jina lake Sting-Ray, bei yake dola 49.95.

Mnadhani nani aliibuni? Kiwandani alikuwapo bwana aitwaye Al Fritz, na sifa nyingi hupewa yeye. Lakini Fritz alikuwa amepata habari kwamba watoto wa California wanachukua baiskeli ndogo, wanang'oa usukani na kiti, kisha wanafunga vya kwao. Naye akaziunda kiwandani. Kwa hiyo mafundi wa kwanza wa baiskeli hii walikuwa watoto kama ninyi, na mimi ningewapa wao nusu ya sifa.

Mwaka 1968 Schwinn wakazidisha mbwembwe. Wakaleta Orange Krate, Apple Krate na Lemon Peeler, zenye gurudumu la mbele la inchi 16, springi mbele, na mkono wa gia uliosimama juu ya fremu. Zilikuwa zikiyaiga magari ya Marekani ya zama hizo yenye injini kubwa, ndiyo maana zikaitwa baiskeli za misuli. Mkono ule wa gia ulikaa mahali pabaya, mbele ya kiti kabisa, katikati ya mapaja. Mvulana aliyefunga breki ghafla akateleza mbele alijua mwenyewe kilichompata.

Sasa pigeni hesabu. Aliyekuwa na miaka 10 mwaka 1963, leo ameshavuka 70. Baiskeli yake ameikuta stoo, au ameinunua upya kwa bei ya kutisha, na anataka kuipanda. Anapanda. Magoti yanafika karibu na viwiko, mapaja yanawaka moto kabla hajamaliza mtaa. Fremu haikui. Afanyeje?

Anaanza na kiti. Kipimo ni rahisi, hata ninyi mnaweza kujipima: keti, weka kisigino juu ya pedeli iliyo chini kabisa. Mguu ukinyooka, kiti kiko sawa. Ukikanyaga kwa sehemu ya mbele ya unyayo, goti litabaki limekunjika kidogo tu. Mtu mzima kwenye Sting-Ray hafiki hapo mpaka anunue bomba refu la kiti. Na bomba hilo lisivutwe juu likabaki limeng'ata ncha tu ya fremu. Ziachwe sentimita 6 au 7 ndani, la sivyo litapinda au litaipasua fremu. Unene wake pia una mtego: Schwinn hizi hutumia bomba la inchi 13/16, kama milimita 20.6, na bomba la baiskeli nyingine huenda lisiingie au likacheza.

Kiti kikipanda, ule upinde wa nyuma unakuwa mfupi, kwa sababu miguu yake imefungwa chini kwenye ekseli ya gurudumu. Basi unatafutwa upinde mrefu. Nao ukipatikana, mpandaji amekaa juu na nyuma, uzito wote uko kwenye gurudumu la nyuma, na akikanyaga kwa nguvu gurudumu la mbele linainuka. Watoto wa miaka ile walilipenda jambo hilo kuliko yote. Babu wa miaka 70 halipendi hata kidogo. Ndiyo maana fundi mwenye akili hakiinui kiti mpaka mwisho. Hukipandisha kiasi, halafu huenda kwenye pedeli.

Hapa ndipo penye utamu. Kwenye baiskeli hizi mikono miwili ya pedeli si vipande viwili. Ni chuma kimoja kilichopindwa, kinaingia upande mmoja wa fremu na kutokea upande wa pili. Mikono ya baiskeli ya mtoto ni mifupi, na mtu mzima anataka mirefu zaidi. Ili kukitoa chuma hicho, unafungua kwanza pedeli ya kushoto, na fundi yeyote wa mtaani kwenu atakwambia kwamba hiyo hufunguka kwa kuzungusha kulia. Nati kubwa iliyo nyuma yake nayo ni hivyo hivyo. Asiyejua hukaza badala ya kulegeza, akatukana spana bure. Nati ikitoka, gololi zinaonekana zimelala ndani ya grisi nyeusi ya miaka hamsini, na chuma kizima kinateleza kwa upande wa kulia, kikipinda kona kama nyoka anayetoka shimoni.

Mikono mirefu ina gharama yake. Pedeli sasa inashuka karibu na ardhi, kwa hiyo kwenye kona, pedeli ya upande wa ndani lazima iwe juu.

Vipuri vya zamani havitupwi. Wakusanyaji hulipa vizuri wakikuta baiskeli na vitu vyake vya kiwandani, basi fundi huvifunga kwenye boksi. Kukata fremu au kuichomelea? Mimi nasema hapana.

Tairi nazo zina vituko. Kuna Sting-Ray zinazovaa tairi iliyoandikwa 20 x 1-3/4, na dukani kuna tairi tele zilizoandikwa 20 x 2.125. Zote ishirini, sivyo? Lakini rimu ya kwanza ina kipenyo cha milimita 419, ya pili 406, na tairi ya moja haikai kwenye nyingine. Muuzaji akikwambia zote ni sawa, mwombe akusomee ile namba ndogo ya ubavuni.