KUHAMISHA BIA YENYE GESI KUTOKA PIPANI HADI CHUPANI

Chupa ya soda iliyokaa juani ikifunguliwa ghafla, povu hufoka na kumwaga sehemu kubwa ya kinywaji. Jambo hilo, ambalo kila mwanafunzi amepata kuliona, ndilo linalowasumbua watu wanaotengeneza bia nyumbani katika nchi kama Uingereza na Marekani. Uingereza iliondoa sharti la leseni kwa kazi hiyo mwaka 1963. Marekani sheria ya shirikisho iliyoiruhusu ilitiwa saini mwaka 1978. Wengi wao huhifadhi bia katika mapipa ya chuma kisichoshika kutu, yenye ujazo wa lita 19 hivi, ambayo hapo awali yalitengenezwa kwa ajili ya wauza soda. Lakini pipa halibebeki kwa urahisi kama chupa, na bia ikimiminwa tu kutoka pipani hadi chupani, hugeuka povu.

Viwanda vya bia na soda, pamoja na vile vya Afrika Mashariki, hutatua tatizo hili kwa mitambo ya bei kubwa. Hata hivyo, kanuni inayoiongoza mitambo hiyo ni rahisi, na mtu mwenye kizibo cha mpira, mirija na vali tatu anaweza kuunda kifaa kinachoifuata.

Gesi ndani ya kimiminiko

Gesi iliyomo katika bia ni kabonidioksidi, inayotokana na hamira inapoila sukari. Mwaka 1767 Joseph Priestley, aliyekuwa akiishi jirani na kiwanda cha bia mjini Leeds, alianza kuichunguza gesi iliyotanda juu ya mapipa, na mwaka 1772 alichapisha maelezo ya namna ya kuiyeyusha katika maji. Mwaka 1803 William Henry wa Manchester alieleza kanuni ambayo hadi leo ina jina lake: halijoto isipobadilika, kiasi cha gesi kinachoyeyuka katika kimiminiko hulingana na kanieneo ya gesi hiyo juu ya kimiminiko. Kanieneo ni nguvu inayosukuma juu ya kila kipande cha eneo, kwa mfano kila sentimita ya mraba. Ikiongezeka maradufu, gesi inayoyeyuka nayo huongezeka maradufu.

Halijoto pia ina athari kubwa. Chini ya kanieneo ya angahewa 1, lita moja ya maji yenye nyuzi 0 za Selsiasi huweza kuyeyusha lita 1.7 hivi za kabonidioksidi. Kwa nyuzi 20 huyeyusha chini ya lita 0.9. Bia nyingi huwa na gesi ya kiasi cha lita 2.5 katika kila lita. Ili kuizuia gesi hiyo isitoke, bia yenye nyuzi 4 huhitaji kanieneo inayozidi ile ya hewa ya kawaida kwa angahewa 0.8 hivi. Bia hiyo hiyo ikipata joto la nyuzi 20, ziada inayohitajika hufikia karibu angahewa 1.9.

Sababu ya povu sasa ni dhahiri. Bia inapotoka katika pipa lenye kanieneo kubwa na kuingia katika chupa iliyo wazi, kanieneo hushuka ghafla. Kimiminiko hakiwezi tena kuishika gesi yote, nayo hutoka kwa viputo. Msukosuko wa kuanguka na mikwaruzo ya ndani ya chupa huwa vianzio vya viputo zaidi. Hasara si povu tu. Bia hubaki bila gesi ya kutosha, na oksijeni ya hewa iliyomo chupani huichanganyikia na kuiharibu ladha yake baada ya muda.

Muundo wa kifaa

Dawa yake ni kuifanya chupa iwe na kanieneo ile ile ya pipa kabla bia haijaingia. Kizibo cha mpira chenye tundu hukaa katika mdomo wa chupa. Juu yake hufungwa kiungo chenye umbo la herufi T. Mrija mwembamba wa chuma hupita katikati ya kiungo na kizibo, ukafika karibu na kitako cha chupa. Huu ndio njia ya bia. Nafasi iliyobaki kuuzunguka mrija huo ni njia ya gesi, ambayo kwa nje hugawanyika katika matawi mawili: moja la kuingizia gesi kutoka mtungini, jingine la kuitolea nje. Kila njia ina vali yake. Mtungi mmoja, kupitia kidhibiti cha kanieneo, huhudumia pipa na chupa pamoja, ili kanieneo zote mbili ziwe sawa.

Pipa na chupa safi hupozwa kwanza. Kisha kazi hufuata hatua hizi:

1. Vali ya gesi na ile ya kutolea hufunguliwa kwa sekunde chache, ili kabonidioksidi iifukuze hewa chupani.
2. Vali ya kutolea hufungwa. Kanieneo ya chupa hupanda hadi kulingana na ile ya pipa.
3. Vali ya gesi hufungwa na ya bia hufunguliwa. Kwa kuwa kanieneo zinakaribiana, bia karibu haisogei.
4. Vali ya kutolea hufunguliwa kidogo sana. Kanieneo ya chupa hupungua kidogo tu, na bia hupanda taratibu kutoka chini.
5. Chupa ikijaa, vali ya bia hufungwa, gesi iliyobaki juu hutolewa polepole, kizibo huondolewa, na chupa hufungwa mara moja kwa kifuniko chake.

Mwendo wa bia, basi, hutawaliwa na vali ya kutolea gesi, wala si na ile ya bia. Anayeifungua kwa haraka hurudisha tatizo lile lile alilokusudia kuliondoa.

Hesabu na tahadhari

Mdomo wa chupa wenye kipenyo cha sentimita 2 una eneo la sentimita za mraba 3.1 hivi. Kwa ziada ya angahewa 0.8, kizibo husukumwa juu kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 2.5, na mkono waweza kukizuia. Lakini ubavu wa chupa yenye kipenyo cha sentimita 6 na kimo cha sentimita 15 una eneo la sentimita za mraba 280 hivi. Jumla ya nguvu inayousukuma hupita uzito wa kilo 200. Kwa hiyo hutumika tu chupa nene zilizotengenezwa kwa vinywaji vyenye gesi, zisizo na ufa wala mkwaruzo, na macho hukingwa kwa miwani.

Mtungi haufungwi kamwe bila kidhibiti, kwani kwa nyuzi 20 kabonidioksidi iliyomo ina kanieneo ya angahewa 57 hivi, ambayo hakuna chupa ya bia iwezayo kuistahimili. Aidha, gesi hiyo ni nzito kuliko hewa kwa mara moja na nusu hivi, hivyo hutuama chini; chumba kisichopitisha hewa ni hatari kwa uhai.

Jaribio la darasani

Shuleni kanuni hii yaweza kuonyeshwa bila bia wala mtungi. Soda tatu za aina moja zatosha: mbili baridi na moja yenye joto la chumba. Soda moja baridi na ile ya joto la chumba humiminwa kutoka kimo kimoja katika bilauri zinazofanana. Soda baridi ya pili hushushwa taratibu kwa faneli yenye mrija unaofika chini ya bilauri. Wanafunzi hupima kimo cha povu kwa rula na kulinganisha. Bilauri mbili za kwanza zitawaonyesha kazi ya halijoto, na zile mbili za soda baridi kazi ya msukosuko. Kazi ya kanieneo wataiona wakifungua chupa nyingine ya plastiki kidogo kidogo: mlio wa gesi ukisikika viputo huanza, na kifuniko kikikazwa tena, hupungua na kukoma.