Taa Nyekundu Ikeshayo Sebuleni

Kwa miezi kadhaa tokeni za umeme nyumbani kwangu zilikuwa zikimalizika kabla ya siku zake, nami, Mwenyezi Mungu anisamehe, nikamlaumu binti anayetusaidia kazi. Nilidhani anapiga pasi kanzu zetu bila ya kiasi. Binti alinyamaza.

Mwanangu anayejifunza ufundi wa umeme ndiye aliyenionyesha nilikokosea. Usiku mmoja alizima taa zote, akalizima na jokofu kwa muda mfupi, kisha akaniita kwenye mita. Kitaa chake kilimweka, kikatulia, kikamweka tena baada ya sekunde 120. Mita yetu imeandikwa 1000 imp/kWh, yaani kitaa kikimweka mara 1,000, yuniti 1 imekwenda. Kwa mita ya namna hiyo, gawanya 3,600 kwa sekunde ulizohesabu. Kwetu jibu lilikuwa wati 30, na hali hakuna aliyekuwa akitumia chochote.

Wati 30 ni kidogo, utasema. Lakini hazilali. Kwa siku 30 hula yuniti 21.6. Pasi ya wati 1,000 ingewaka zaidi ya saa 20 kabla ya kufikia kiasi hicho! Israfu tuliyokuwa tukiikemea jikoni ilikuwa imekaa sebuleni.

Chombo kinachowashwa kwa rimoti hakizimiki kabisa, kwani sehemu yake lazima ibaki macho ikingojea amri. Mwaka 1999 Shirika la Kimataifa la Nishati lilipendekeza sehemu hiyo isizidi wati 1, na televisheni nyingi za siku hizi zimefika hapo. Mlaji hasa ni king'amuzi. Vingi, hususan vya zamani, vikizimwa kwa rimoti huendelea kufanya kazi ndani karibu sawa na vilivyowashwa. Kiguse alfajiri kabla hakijatumiwa: joto utakalolihisi ni umeme uliokwisha kuulipia. Redio kubwa za spika nazo zimo. Ama chaja isiyo na simu, ambayo watoto hugombezwa kwa ajili yake kila siku, hula kidogo mno.

Soketi zetu zina swichi ukutani. Hapo ndipo pa kuzimia. King'amuzi huchukua dakika kadhaa kurejesha picha, na mama yangu alilalamika kukosa mwanzo wa habari, basi sasa tunakiwasha saa moja kasorobo.

Yule binti nilimwomba radhi mbele ya watu wote wa nyumbani, kwa kuwa hata lawama niliitoa mbele yao. Alicheka, akauliza kama sasa anaweza kupiga pasi na mashuka.