Cheti Chenye Tarehe ya Kufa

Januari 2010, CompTIA, wakati huo chama cha Marekani kilichotunga mitihani ya mafundi wa kompyuta na mitandao, kilitangaza kwamba vyeti vyake vya A+, Network+ na Security+, ambavyo hadi hapo vilikuwa vya maisha, vingekuwa na ukomo wa miaka mitatu. Tangazo hilo liliwagusa hata waliokwisha kuvipata. Mafundi wakaja juu, na kabla mwezi haujaisha wakubwa wakarudi nyuma: atakayefaulu kabla ya 2011 abaki na cheti chake hadi kaburini, wa baadaye wajue saa inahesabu.

Leo hakuna anayeshtuka. Mwanasheria hutundika shahada yake ukutani ikakaa hapo hadi astaafu, lakini mhandisi wa mitandao anaishi na tarehe. Kwa sehemu kubwa tarehe hiyo huwekwa na kampuni inayotengeneza vifaa anavyovihudumia, na inayojulikana zaidi katika ukanda wetu wa Afrika Mashariki ni Cisco.

Masharti ya sasa ya Cisco yalianza 24 Februari 2020. Vyeti vyake vya ngazi tatu, kutoka chini kwenda juu CCNA, CCNP na CCIE, vyote vilipewa uhai wa miaka mitatu. Kabla ya hapo CCIE, kile cha vigogo, kilidumu miwili. Mwenye CCNP akitaka kukihuisha anaweza kufanya mtihani mmoja mkubwa wa msingi, au miwili ya fani, au asiingie chumba cha mtihani kabisa na badala yake akusanye alama 80 za mafunzo endelevu. Ruhusa ipo pia ya kuchanganya: mtihani mmoja wa fani na alama 40. CCNA inadai alama 30, CCIE 120. Ukihuisha cha juu, vya chini yake navyo vinahuika. Ukizembea tarehe ikapita, CCNP yako imekwenda na unaanza upya.

Wajanja, basi, hawarudii mtihani waliokwisha kuufaulu. Mwenye CCNA inayokaribia kufa hujiandikisha mtihani wa msingi wa CCNP: akifaulu, CCNA inapata uhai mpya na nusu ya CCNP tayari iko mkononi.

Kwamba fundi apimwe tena, sina ugomvi nalo. Aliyesoma mwishoni mwa miaka ya 1990 alitoka jasho juu ya Frame Relay na ISDN, teknolojia ambazo kijana wa leo huenda asizione kazini hata siku moja. Februari 2011 akiba kuu ya dunia ya anwani za IPv4 ikagawiwa ikaisha, na IPv6, mrithi wake, ikaacha kuwa sura ya kurukwa kitabuni. Mtaala wa CCNA uliotoka Agosti 2024 unagusa hadi akili mnemba. Mhandisi asiyesoma tena huachwa nyuma, na mteja wake ndiye anayeumia mtandao ukikatika usiku wa manane.

Ugomvi wangu uko kwenye bili. Mtihani wa msingi wa CCNP umekuwa ukigharimu dola 400, karibu shilingi milioni moja za Tanzania, na anayefeli hulipa tena yote. Ada ni ileile Nairobi na San Jose, Marekani. Mishahara si ileile. Njia ya alama nayo inaonekana nyepesi hadi uulize zinapatikana wapi: nyingi zimo kwenye kozi za kulipia. Mara mojamoja Cisco hufungua kozi ya bure yenye alama, kwa muda maalumu, na aliye makini huidaka. Asiye na mdhamini hujikuta akishawishika na maswali yaliyovuja yanayouzwa mtandaoni. Akikamatwa anaweza kupoteza vyeti vyake vyote, na asipokamatwa cheti chake hakithibitishi tena lolote.

Nani basi alipe? Tazama anayefaidika. Kampuni inayotaka daraja la juu la uwakala wa Cisco lazima ioneshe wahandisi wenye vyeti hai. Cheti kikifa daraja linatikisika, na punguzo la bei za vifaa pamoja nalo. Zabuni nyingi nazo hudai nakala za vyeti ambavyo havijapitwa na muda. Mwajiri anayevitumia kushinda kazi, kisha akamwambia kijana hayo ni maendeleo yako binafsi, anakula asichochangia. Mkataba wa ajira ndio mahali pa kuliandika jambo hili, kabla ya sahihi: ada ya kuhuisha ni ya nani, na siku za kusoma zinatoka likizo ya nani.

Cisco wenyewe wameonesha cheti hai ni mali ya nani. Mwenye CCIE aliyedumu nayo miaka 10 na kuacha kazi za ufundi za kila siku anaweza kuomba hadhi ya Emeritus. Heshima anabaki nayo, mitihani ya kuhuisha imemwondokea. Lakini kampuni yake haiwezi tena kumhesabu inapoomba daraja la uwakala.