Namna ya kupata video bora za michezo kwa simu ya mkononi

VIJANA wengi wanaosakata soka katika viwanja vya mchangani jijini Dar es Salaam hawafuatwi na kamera za televisheni. Kocha au wakala aliye mbali anapotaka kuwaona, ushahidi pekee wa vipaji vyao ni video iliyochukuliwa na mwenzao kwa simu. Ikiwa inatikisika au imelala ubavu, bao zuri hupotea bure.

Kosa la kwanza ni mkao wa simu. Kiwanja cha soka cha kimataifa kina urefu wa mita 105 na upana wa mita 68, hivyo mchezo huenea kwa ulalo. Video iliyochukuliwa kwa wima, ikioneshwa kwenye televisheni, hujaza chini ya theluthi moja ya kioo. Wima hufaa pale tu video inapokusudiwa kutazamwa kwenye simu.

Aidha, simu ina kihisi kinachotambua upande ulio juu, na kwa kawaida mkao huo huandikwa mara kurekodi kunapoanza. Anayeigeuza katikati ya mchezo amechelewa. Dawa ni kuilaza kwanza, kusubiri alama za kwenye kioo zigeuke, ndipo kubonyeza kitufe. Video iliyokwisha kupinduka huweza kurekebishwa kwa programu ya kuhariri.

Jambo la pili ni kasi. Mpira unaokwenda kilometa 90 kwa saa husogea takriban sentimita 83 kati ya fremu moja na nyingine, iwapo simu inarekodi fremu 30 kwa sekunde. Zikiwa 60, umbali huo hupungua kwa nusu na mwendo huonekana laini. Hata hivyo, fremu 60 huhitaji mwanga wa kutosha. Jua likizama, 30 hufaa zaidi.

Hali kadhalika, kukuza picha kwa vidole mara nyingi hupunguza ubora wake. Ni afadhali mpigaji asogee karibu na mstari wa katikati, mahali palipoinuka, jua likiwa mgongoni na viwiko vimebanwa mbavuni. Lenzi ifutwe kabla ya mechi.

Mwisho ni utumaji. WhatsApp huibana video ya kawaida ili iwe nyepesi, lakini ikitumwa kama hati hufika na ubora wake wa awali. Tahadhari hizo hazigharimu fedha, ilhali bao likishafungwa halirudiwi kwa ajili ya kamera.