Kusoma Neno kwa Simu, kutoka Nakivale hadi Kikagate

Usomaji wa pamoja wa Maandiko Matakatifu kwa njia ya intaneti, unaowaunganisha waumini wa makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wa mji mdogo wa mpakani wa Kikagate na wa jiji la Mbarara, kusini-magharibi mwa Uganda, huelezwa mara nyingi kuwa ni zao la janga la Korona. Maelezo hayo yana ukweli kiasi, kwa kuwa serikali ya Uganda ilisimamisha ibada za hadhara Machi 2020, ikaziruhusu Septemba kwa sharti la watu wasiozidi 70, kisha ikazifunga tena Juni 2021, na katika kipindi hicho makanisa mengi yalilazimika kuwafikia waumini wao kwa simu. Hata hivyo, ukanda huu ulikuwa na desturi ya watu wachache kuketi na Biblia na kuulizana maana yake tangu miongo mingi kabla ya simu, na ni kwa kuyapima makundi ya leo kwa desturi hiyo ndipo faida na hasara zake zinapoonekana vizuri.

Mwaka 1929, huko Namirembe mjini Kampala, Simeoni Nsibambi, Mganda aliyekuwa mtumishi wa serikali, alikutana na Joe Church, daktari Mwingereza wa hospitali ya Gahini nchini Rwanda, na wawili hao wakaketi kuyachunguza Maandiko kwa kutumia Biblia ya Scofield, yaani toleo lenye maelezo na marejeo ya aya kandokando ya maandishi. Uamsho wa Afrika Mashariki, ambao wafuasi wake huitwa Balokole, maana yake waliookoka, huhesabu mkutano huo kuwa mojawapo ya chemchemi zake. Baadaye uamsho huo ulisambaa kutoka Gahini hadi Kabale, ulikofanyika mkutano mkubwa mwaka 1935, na kuingia Ankole yote, eneo zilimo Mbarara na Nakivale. Jambo la kuzingatia ni kwamba chanzo hicho hakikuwa na mimbari. Ndiyo maana wenye mamlaka kanisani hawakuupokea uamsho huo kwa moyo mmoja, na mwaka 1941 wanafunzi 26 wa Chuo cha Askofu Tucker, Mukono, akiwemo William Nagenda, walifukuzwa kwa sababu ya msimamo wao wa kiuamsho. Mchungaji wa leo anayelitilia shaka kundi la simu ambalo hakulianzisha yeye anarudia, pengine bila kujua, mabishano ya zamani.

Nakivale, makazi yaliyotambuliwa rasmi mwaka 1960 ili kuwapokea Wanyarwanda waliokimbia machafuko ya kwao, leo yana watu zaidi ya laki moja, wengi wao wakiwa Wakongomani, pamoja na Warundi, Wanyarwanda, Wasomali na wengineo, na Kiswahili ndicho kinachowawezesha wengi wa majirani hao kuelewana. Kwa Wakristo miongoni mwao, hali hiyo ina maana kwamba kundi moja la usomaji linaweza kuwa na mtu anayesoma Biblia ya Kiswahili cha Congo, mwingine mwenye tafsiri ya Muungano iliyotoka mwaka 1952, mwingine aliyezoea Kinyarwanda, na kijana aliyesoma Kifaransa anayeipendelea Louis Segond. Programu za Biblia za simu huziweka tafsiri nyingi mahali pamoja, na tofauti zake, badala ya kuwa kero, humlazimisha msomaji asimame na kuuliza. Hata hivyo, sharti la kwanza la yote hayo lilikuwa la kiofisi: mkimbizi asiye na kitambulisho cha taifa hakuwa na njia rahisi ya kusajili laini ya simu kwa jina lake, mpaka Tume ya Mawasiliano ya Uganda ilipolegeza masharti mwaka 2019 na kuzikubali hati za ukimbizi.

Katika makundi ya WhatsApp ya namna hii, somo husafiri zaidi kwa ujumbe wa sauti kuliko kwa maandishi, kwa kuwa si kila mshiriki anaandika kwa wepesi, na kwa kuwa sauti huweza kusikilizwa jikoni au shambani. Wanaoliona hilo kuwa upungufu wa usomaji wasisahau kwamba nyaraka za Paulo ziliandikwa ili zisomwe kwa sauti mbele ya watu waliokusanyika, na kwamba mwishoni mwa waraka kwa Wakolosai imeagizwa waraka huo upelekwe Laodikia ukasomwe huko pia. Mwalimu aliye mbali, na sauti inayosikika bila yeye kuwepo, ni mambo ya kale kanisani. Tatizo la sauti liko kwingine. Hubiri ni maneno ya mmoja kwa wengi, ilhali funzo ni kuulizana, na ujumbe wa sauti wa dakika ishirini hauulizi kitu. Kundi linalofuata kitabu kimoja, sura kwa sura, huku kila mmoja akipewa siku chache za kujibu swali lililowekwa, hufunza. Kundi ambalo kazi yake ni kurusha aya mojamoja kila asubuhi, zikifuatwa na msururu wa Amina na punde si punde na ombi la sadaka kwa pesa za simu, halistahili jina hilo, hata likiwa na washiriki elfu.

Suala gumu zaidi ni la kile ambacho Balokole hukiita kutembea nuruni, yaani muumini kuungama makosa yake waziwazi mbele ya wenzake, ili asibaki na kificho kati yake na wao. Katika ushirika wa kila wiki, desturi hiyo ililindwa na ukweli kwamba waliosikia walijulikana kwa nyuso, na maneno yaliisha yaliposemwa. Toba iliyorekodiwa haiishi: inaweza kupelekwa kundi jingine kwa kubonyeza mara moja, ikamfikia mume, mwajiri, au, kwa mtu aliyekimbia vita, wale wale aliowakimbia. Mkimbizi anayesimulia alivyovuka mpaka na aliyoyatenda au kutendewa njiani anatoa ushuhuda kanisani na, papo hapo, anaacha kumbukumbu asiyoweza kuifuta kwenye simu za watu asiowaona. Kwa sababu hiyo, viongozi wanaoliacha somo la Maandiko liendelee hadharani, lakini maungamo wakayatengea mazungumzo ya ana kwa ana, hawausaliti uamsho. Wanaihifadhi ile hali ya kuaminiana iliyoufanya uwezekane.

Makundi haya pia huvuka bahari. Tangu mpango wa mwaka 2012 wa kuwahamishia wakimbizi Wakongomani 50,000 katika nchi za tatu, yaani nje ya kwao na ya nchi walikokimbilia kwanza, familia na makanisa mengi yamegawanyika kati ya Uganda na Marekani, na saa tatu usiku Nakivale ni saa saba au saa nane mchana katika sehemu kubwa ya jimbo la Kentucky, kulingana na majira, wakati watu wako kazini. Aliye ng'ambo ana intaneti isiyokatika na mara nyingi ndiye anayewatumia wengine pesa za bando, kwa hiyo sauti yake huzidi uzito, hata pale ambapo anayeijua Biblia zaidi ni mzee aliyebaki Rubondo au Juru, kanda mbili za makazi hayo, akihesabu kila megabaiti. Marekani iliposimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi Januari 2025, wengi waliodhani kundi ni daraja la muda waligundua kwamba huenda likawa ndiyo njia yao ya kusoma pamoja kwa miaka mingi.

Na njia hiyo hukatika. Kuanzia Julai 2018 matumizi ya mitandao ya kijamii nchini Uganda yalitozwa shilingi 200 kwa siku, kodi ambayo mwaka 2021 ilibadilishwa kuwa ya asilimia 12 juu ya data. Na uchaguzi wa Januari 2021 ulipokaribia, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Kundi lililokuwa limeweka kila kitu kwenye simu lilinyamaza, wakati lililokuwa na ratiba ya sura imeandikwa kwenye karatasi, na majirani wawili watatu wanaokaa hatua chache baina yao, lingeweza kuendelea na sura iliyofuata siku ileile.